Chanjo ya homa ya ini B kwa waliokwisha kukua: upime kwanza au la, ratiba ipi, chupa ipi

Aliyezaliwa Tanzania kuanzia 2002 na kupelekwa kliniki kama kawaida hana cha kuchagua. Uamuzi ulishafanywa akiwa mgongoni. Mwaka huo chanjo ya homa ya ini B iliunganishwa na ile ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, na tangu 2009 imo ndani ya penta, sindano wanayochomwa watoto wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza karibu wakati huohuo, Burundi ikafuata 2004, Kongo 2007. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata. Tunaitafuta tukiwa watu wazima, mara nyingi kwa pesa zetu, na tukifika dirishani tunaulizwa maswali ambayo hatukujiandaa nayo. Umeshapima? Unataka ya miezi sita au ya haraka? Ya B peke yake au iliyochanganywa na A? Halafu kuna ndugu aliyeko Marekani anayepiga simu kusema kwao ni sindano mbili tu, mwezi mmoja umekwisha, nyie mnahangaika na nini.

Niseme mapema ninaposimama. Majina ya kwenye chupa yanawasumbua watu kuliko inavyostahili. Kwa mtu mzima wa kawaida mwenye afya, kinachoamua kama atakingwa ni mambo mawili: alijua hali yake kabla, na alirudi kuchoma sindano ya mwisho. Yaliyobaki yana uzito kwa watu wa aina fulani, na hao nitawataja kila tunapofika kwao.

Kuna hoja moja nayoisikia kwa wanaotaka kuacha kabisa, na ina ukweli ndani yake. Mtoto mchanga akiambukizwa na mama yake, uwezekano wa virusi kukaa mwilini maisha yote ni kama 90 kati ya 100. Mtu mzima akiambukizwa, mwili huvifukuza wenyewe kwa wengi. Wanaobaki navyo hawafiki 5 kati ya 100. Sasa kwa nini nijisumbue? Kwa sababu hao wachache ndio wanaokuja kuugua kusinyaa kwa ini na saratani ya ini miaka mingi baadaye, bila dalili yoyote katikati. Kwa sababu maambukizi mapya ya mtu mzima yanaweza kumlaza wiki kadhaa, na mara chache yakaua ini ghafla. Na kwa sababu kirusi hiki ni kigumu: damu iliyokauka kwenye wembe, mkasi wa kucha au mashine ya kinyozi inaweza kuambukiza hata baada ya siku 7. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B ya kudumu, na milioni 1.1 walikufa kwa ajili yake. Zaidi ya nusu ya maambukizi mapya ya dunia hutokea Afrika.

Kupima kwanza, au kuchomwa moja kwa moja

Hapa kwetu desturi ni kupima kwanza. Tone la damu kidoleni, dakika kama 15 au 20, jibu. Ukiwa huna virusi unachomwa. Ukiwa navyo unaelekezwa kwa daktari. Nchi nyingine humchoma mtu palepale bila kumpima, hasa pale ambapo ugonjwa ni nadra.

Kwa Afrika Mashariki nadhani desturi yetu ni sahihi, na sababu ni hesabu tu. Tafiti za kitaifa za 2016 na 2017 nchini Tanzania na Uganda zilikuta karibu watu wazima 4 kati ya 100 wana virusi. Mtu wa namna hiyo akichanjwa hadhuriki, lakini hapati faida yoyote, na baya zaidi anaondoka akiamini amekingwa. Huyo alihitaji kufuatiliwa: kupimwa wingi wa virusi, kuangaliwa ini, pengine kuanzishiwa tenofovir, dawa ya kuvidhibiti virusi, na mkewe au mumewe na watoto kupimwa na kuchanjwa. Sindano tatu bila kipimo zinamnyima yote hayo.

Ila desturi nzuri isigeuke kuwa kizuizi. Nimesikia watu waliorudishwa nyumbani kwa sababu vipimo vimeisha, wakaambiwa waje wiki ijayo, na wiki ijayo haikufika. Pale ambapo kipimo hakipo, au jibu linachukua siku, ni bora damu itolewe na dozi ya kwanza ichomwe siku hiyohiyo. Jibu likija baya, hakuna kilichoharibika isipokuwa gharama ya sindano moja.

Kipimo chenyewe nacho kina madaraja. Kile cha kidoleni kinatafuta HBsAg, ambayo ni alama kwamba virusi vimo mwilini sasa hivi. Kipimo kamili cha maabara kina sehemu tatu: HBsAg; anti-HBc, inayoonyesha kama umewahi kukutana na kirusi hata kama kilishaondoka; na anti-HBs, ambayo ni kingamwili zenyewe za kukulinda. Tangu 2023 Marekani inashauri kila mtu mzima apimwe vyote vitatu angalau mara moja maishani. Ni ushauri mzuri kwa mwenye bima. Kwa anayehesabu shilingi, kipimo cha kidoleni kinatosha kuamua kama uchanjwe au la. Hasara yake ni kwamba hakimtambui aliyewahi kuugua akapona: huyo tayari ana kinga na atachomwa sindano tatu asizozihitaji, jambo ambalo halina madhara zaidi ya kumtoboa mfuko. Ninayemsukuma alipie vyote vitatu ni anayejiandaa kuanza tiba ya saratani au dawa za kushusha kinga ya mwili, kwa sababu kirusi kilicholala kwa mtu aliyepona kinaweza kuamka wakati huo.

Na wanaokwenda Oman, Saudia, Qatar au Falme za Kiarabu wasikilize hili, maana wengi huambiwa "chanja kwanza ndipo ukapime afya ya viza". Vipimo vya afya vya nchi za Ghuba vinajumuisha HBsAg, na ukionekana nayo unaweza kukataliwa. Chanjo yenyewe imetengenezwa kwa HBsAg, ile ganda ya nje ya kirusi bila kirusi ndani, na baada ya kuchomwa inaweza kuonekana kwenye damu kwa muda: zimeripotiwa hali hadi siku 18. Kwa hiyo ama upimwe kwanza ndipo uchanjwe, ama upishe wiki kama nne kati ya sindano na kipimo cha viza. Ukichanganya unaweza kubeba cheti cha ugonjwa usio nao.

Miezi sita, mwaka mmoja, siku ishirini na moja, au sindano mbili

Hapa ndipo penye chaguo la kweli. Takwimu za ratiba tatu za kwanza zinatoka kwenye majaribio ya Engerix-B, mojawapo ya chanjo za zamani na zilizosambaa zaidi, kwa watu wenye afya wa kuanzia miaka 16. Ya nne ni ya Heplisav-B, chanjo mpya zaidi.

| Ratiba | Sindano | Waliokingwa katikati ya safari | Waliokingwa mwishoni |
|---|---|---|---|
| Ya kawaida | siku ya kwanza, mwezi 1, mwezi 6 | kinga hujengeka taratibu | 96 kati ya 100 au zaidi, mwezi wa 7 |
| Ya miezi miwili na nyongeza | siku ya kwanza, mwezi 1, mwezi 2, mwezi 12 | 89 kati ya 100, mwezi wa 3 | karibu 96, mwezi wa 13 |
| Ya siku 21 na nyongeza | siku ya kwanza, siku ya 7, siku ya 21, mwezi 12 | 65 kati ya 100 siku ya 28. 76 mwezi wa 2 | karibu 99, mwezi wa 13 |
| Heplisav-B | siku ya kwanza, mwezi 1 | – | 90 hadi 95 |

Ratiba ya kawaida ndiyo utakayopewa karibu kila mahali, na kwa wengi ndiyo ninayoipendekeza. Ni sindano tatu badala ya nne, na ule mwanya mrefu kabla ya ya tatu unaupa mwili nafasi ya kujenga kumbukumbu imara. Udhaifu wake unajulikana na kila nesi: mwezi wa sita. Mtu ana bidii ya dozi ya kwanza, ya pili anakuja kwa kukumbushwa, ya tatu amehama mtaa, amebadili namba ya simu, au ameona mbona niko mzima tu. Uganda ilipoanza 2015 kuwapima na kuwachanja bure vijana na watu wazima, ikianzia mikoa ya kaskazini ambako ugonjwa ulikuwa umeshika zaidi, foleni za mwanzo zilikuwa ndefu, lakini waliorudi kumaliza dozi ya tatu walikuwa wachache kuliko walioanza. Sina haja ya kuwalaumu. Mkulima kutembea hadi kituo cha afya mara tatu ndani ya nusu mwaka, kwa ugonjwa asiouona, ni ombi zito.

Ratiba ya siku 21 inavutia kwa jina lake, na ndiyo inayouzwa vibaya zaidi. Iliundwa kwa ajili ya mtu anayeondoka upesi: anayesafiri mwezi ujao, anayeanza kazi ya maabara, aliyepelekwa gerezani. Soma tena safu ya katikati. Siku ya 28, baada ya sindano tatu zote, mtu mmoja kati ya watatu bado hajakingwa. Kinachoiokoa ni sindano ya nne baada ya mwaka, na hiyo ndiyo ambayo baadhi ya wauzaji hawaitaji kabisa wanaponadi "dozi tatu ndani ya wiki tatu". Ukiichagua, hesabu gharama ya sindano nne na ujiulize mwaka ujao tarehe kama hii utakuwa wapi. Kama huna haraka yoyote, hakuna sababu ya kuichukua.

Ya miezi miwili na nyongeza ni ya katikati kwelikweli. Miezi mitatu tu na karibu tisa kati ya kumi wamekingwa. Ningempa mke ambaye mumewe amegundulika ana virusi wiki hii, au mwanafunzi wa uuguzi anayeanza kuingia wodini muhula ujao. Hao wana hatari iliyo mlangoni, na miezi sita ya kusubiri ni mirefu kwao.

Sasa huyu ndugu wa Marekani. Anachosema ni kweli. Heplisav-B iliidhinishwa Marekani Novemba 2017 kwa watu wa miaka 18 na kuendelea, na Ulaya 2021. Imechanganywa na kiamshakinga kipya chenye nguvu, yaani kitu kinachouchochea mwili ujenge kinga zaidi, ndiyo maana sindano mbili zinatosha. Ilipopambanishwa na Engerix-B ya sindano tatu, waliokingwa walikuwa kama 95 dhidi ya 81 kati ya 100, na kwa wenye umri wa miaka 40 hadi 70 walikuwa 90 dhidi ya 70. Kwa wenye kisukari pengo lilikuwa kubwa zaidi: 90 dhidi ya 65. Msomaji makini atauliza, mbona Engerix-B hapa imeshuka kutoka ile 96 ya kwenye jedwali? Kwa sababu waliojaribiwa hapa walikuwa watu wa kawaida wa umri mchanganyiko: wanene, wavutaji sigara, wenye kisukari. Kinga ya chanjo za kawaida hupungua kadiri miaka inavyosonga kupita 40, na uzito mkubwa, sigara, VVU na ugonjwa wa figo huipunguza zaidi.

Kwa hiyo kwa mama wa miaka 58 mwenye kisukari anayeishi Minneapolis, nisingesita: aiulizie hiyo ya sindano mbili. Kwa kijana wa miaka 25 aliyeko Mwanza, kuisubiri au kuiagiza ni kupoteza muda. Chanjo ya kawaida inampa karibu kila kitu anachokihitaji. Na mama wa miaka 58 aliyeko Mwanza? Achomwe ile iliyopo, asikubali sindano ya makalio, na akiweza apime kingamwili baadaye. Nitarudi kwenye hilo.

Ukikosa tarehe, usianze upya. Hili linarudiwa kimakosa hadi na baadhi ya watoa huduma. Dozi uliyochomwa haifutiki. Unaendelea ulipoishia hata kama umepita mwaka. Kinachokatazwa ni kuzibana: kati ya ya kwanza na ya pili wiki 4, kati ya ya pili na ya tatu angalau wiki 8, na kati ya ya kwanza na ya tatu angalau wiki 16. Wala huna haja ya kuitafuta chupa ya kampuni ileile. Chanjo za kawaida zinabadilishana bila shida. Heplisav-B ndiyo yenye sharti lake: ratiba ya sindano mbili inahesabika pale tu zote mbili zikiwa za Heplisav-B.

B peke yake, au A na B pamoja

Twinrix na chanjo za aina yake hukinga homa ya ini A na B kwa sindano moja, kwa ratiba ileile ya siku ya kwanza, mwezi 1 na mwezi 6. Bei yake huwa juu. Swali ni kama unaihitaji hiyo A.

Aliyekulia Temeke, Kisumu, Bukavu au Pemba, akinywa maji ya bomba la mtaa na kula embe bila kuosha, uwezekano ni mkubwa kwamba alikutana na homa ya ini A utotoni, akaugua kidogo au bila kujua, na ana kinga ya maisha. Kumuuzia chanjo ya A ni kumuuzia anachokimiliki. Lakini mwanawe aliyezaliwa Leicester au Oslo, anayekuja likizo kwa bibi mara ya kwanza akiwa na miaka 17, hana kinga hiyo, na kwa umri wake homa ya A inamlaza vizuri tu. Huyo ndiye mwenye chanjo ya mchanganyiko. Angalizo moja: kiasi cha A kwenye sindano moja ya Twinrix ni nusu ya kile cha chanjo ya A ya mtu mzima iliyo peke yake. Anayesafiri baada ya sindano moja tu ya mchanganyiko hajajikinga ipasavyo hata kwa A. Kwa safari ya ghafla ni afadhali A peke yake na B peke yake, mikono miwili, siku moja.

Kadi ya njano ya uwanja wa ndege haihusiki na haya. Ile ni ya homa ya manjano inayoenezwa na mbu. Homa ya ini C haina chanjo bado. Homa ya D, ambayo haiwezi kumpata mtu asiye na B, unaikwepa bure ukichanjwa B.

Kijana wa sekondari: huenda hahitaji kitu

Kabla ya kumpeleka kijana wa miaka 16 akachomwe, fungua kabati itafute kadi ya kliniki. Ikionyesha penta tatu (au DTP-HB tatu, ile iliyotangulia penta, kwa waliozaliwa miaka ya mwanzo), amemaliza. Wazazi wengi wanalipa mara ya pili kwa sababu shule au chuo kimeandika "awe amechanjwa homa ya ini" na hawakujua kwamba penta ndiyo hiyo. Peleka nakala ya kadi kwanza.

Inatatanisha zaidi pale chuo cha afya kinapompima mwanafunzi kingamwili, zikaonekana ni chache, na akaambiwa chanjo ya utotoni ilishakwisha nguvu. Kingamwili hushuka kwa wengi kufikia ujana. Kumbukumbu ya kinga hubaki. Waliofuatiliwa kwa miaka 30 wameonekana bado wanalindwa, na kwa mtu mwenye afya hakuna nyongeza inayopendekezwa. Kwa mwanafunzi atakayeshika sindano kila siku, dozi moja ya kuamsha kumbukumbu kisha kipimo baada ya mwezi ni jambo la busara. Kumrudisha mwanzo dozi tatu zote kabla ya hapo ni haraka mno.

Kadi ikikosekana na hakuna anayekumbuka, apimwe na achomwe. Kuchanjwa mara mbili hakudhuru. Hapo uliza kiasi. Chupa nyingi za kawaida zina mikrogramu 10 kwenye nusu mililita kwa watoto na mikrogramu 20 kwenye mililita moja kwa wakubwa, lakini umri wa kuvuka kutoka dozi ndogo kwenda kubwa unatofautiana kwa kampuni: nyingine miaka 10, nyingine 15, nyingine 19. Nesi asome karatasi ya ndani ya boksi. Baadhi ya chanjo zina ratiba ya sindano mbili za dozi ya mtu mzima kwa wa miaka 11 hadi 15, zikipishana miezi minne hadi sita kutegemea aina. Kwa mwanafunzi wa bweni hiyo inamaanisha moja likizo hii na nyingine likizo ijayo. Kama iliyopo kituoni kwenu ina idhini hiyo, naipenda kuliko tatu.

Kuhusu hofu ya wazazi: Ufaransa ilisimamisha chanjo hii mashuleni mwaka 1998 baada ya wasiwasi kwamba inaleta ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Tafiti zilizofuata hazikukuta uhusiano. Madhara ya kawaida ni bega kuuma siku moja au mbili na homa ndogo. Mzio mkali hutokea karibu mara moja kwa kila dozi milioni moja. Mwenye mzio mkali wa hamira aseme mapema, kwa kuwa chanjo nyingi hutengenezwa ndani ya chembe za hamira.

Hospitali ya serikali, kliniki binafsi, au duka la dawa

Hospitali ya mkoa au ya rufaa kwa kawaida ni nafuu, ina foleni, na wakati mwingine chanjo imeisha. Kliniki binafsi ni ghali zaidi lakini hukutumia ujumbe wa kukumbusha, na kwa chanjo ambayo watu huiacha njiani, ujumbe huo una thamani yake. Ukiuliza bei, uliza ya safari nzima: dozi zote, kipimo, kumuona daktari. Bei ya dozi moja iliyobandikwa ukutani inadanganya. Kuna pia siku za kampeni kazini au kanisani na msikitini. Nzuri, mradi uulize mbele ya watu: mtarudi tarehe ngapi kwa ya pili na ya tatu, na asiyekuwepo siku hiyo amalizie wapi?

Ninachokikataa ni kununua chupa duka la dawa, kuitia kwenye mfuko na barafu, na kwenda kutafuta wa kukuchoma. Chanjo hii hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Joto la mchana mmoja huenda lisiiue; kinachoiharibu kabisa ni kuganda. Barafu iliyoigusa chupa moja kwa moja inaweza kuiacha ikionekana kawaida machoni na isiyo na kazi mwilini, na hutajua kamwe. Kituo kinachoaminika kina jokofu la chanjo lenye kipimajoto na daftari la joto linalojazwa asubuhi na jioni. Unaweza kuomba kuliona, wanaolijaza hawakasiriki.

Sindano ichomwe kwenye msuli wa bega. Makalioni chanjo hii huishia kwenye mafuta na kinga hutoka hafifu.

Kupima kingamwili baadaye: nani anahitaji

Wengi hawahitaji, na maabara zinazowauzia kipimo hiki kila mwaka zinawauzia wasiwasi. Wanaostahili ni wahudumu wa afya, wenza wa watu wenye virusi, wanaosafishwa figo, na wanaoishi na VVU. Nami naongeza, kwa maoni yangu, wenye kisukari waliovuka miaka 50 kama pesa ipo. Muda wake ni mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho. Ukichelewa miaka, jibu dogo halitakuambia kama chanjo ilishindwa au kingamwili zimeshuka tu kwa kawaida yake.

Mpaka ni 10 mIU/mL, yaani kizio cha wingi wa kingamwili kwenye damu. Ukifika hapo au zaidi, umemaliza. Ukiwa chini, unarudia mzunguko wa dozi zote mara moja na kupima tena, na wengi hufanikiwa mzunguko wa pili. Asiyejibu hata hapo hakingwi na chanjo, na inampasa aijue hali hiyo kabla ajali haijatokea. Wanaosafishwa figo wana kanuni yao tangu mwanzo: dozi maradufu, mikrogramu 40, na mara nyingi sindano nne, chini ya daktari wa figo.

Umuhimu wa jibu lile unaonekana siku muuguzi anapochomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi. Asiyechanjwa anatakiwa aanze chanjo mara moja, ikiwezekana ndani ya saa 24, pamoja na sindano ya kingamwili zilizo tayari ambayo kwetu ni ghali na haipatikani kila hospitali. Ikipatikana inasaidia hadi siku 7 baada ya kuchomwa, au siku 14 kwa aliyeambukizwa kwa kujamiiana. Ikikosekana, chanjo peke yake ianze bila kusubiri. Aliyechanjwa na hakujibu mizunguko miwili anahitaji kingamwili hizo mara mbili, zikipishana mwezi mmoja. Mwenye karatasi inayosema alifikisha 10 anaosha jeraha kwa maji na sabuni, anaripoti, anashughulikia upande wa VVU kama kawaida, na kwa upande wa homa ya ini B hahitaji dawa wala sindano yoyote.